Hunter: Manowari Iliyopigwa Wakati wa Amani

Hotuba hii niliitoa Mombasa mbele ya mabaharia wastaafu, walimu wa historia na wanafunzi wa sekondari. Naiweka nzima kwa ajili ya wale waliokosa kufika.

Wazee wetu wa baharini, shikamooni. Walimu wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie manowari za Uingereza katika miaka iliyo kati ya vita viwili vikuu. Ningeweza kuwasomea orodha ya meli na hesabu za mizinga, tukatoka hapa hakuna aliyeshika kitu. Kwa hiyo nimechagua meli moja tu, HMS Hunter. Waulize wanaofuatilia historia ya bahari, watakujibu mara moja: ah, Hunter, ile iliyozama Narvik, kule Norway, Aprili 1940. Basi, wamemaliza. Kana kwamba meli ile ilizaliwa alfajiri ile na kufa alfajiri ileile.

Ndugu zangu, Hunter ilipofika Narvik ilikuwa imeshaishi. Ilikuwa imeshapasuliwa na bomu, imeshapoteza watu wake, imeshafungaswa, yaani kuvutwa kwa kamba, na manowari ya nchi nyingine, imeshalala gudini, kwenye matengenezo, mwaka mzima na ushei. Yote hayo yalitokea Uingereza ikiwa haina vita na mtu yeyote. Vitabu vyetu vya shule vinaruka kutoka 1918 hadi 1939, na katikati vinaandika neno moja: amani. Leo tuulizane, amani ya nani? Na baharini ilikuwaje?

Tuanze na meli yenyewe, kwa sababu vijana wengi hapa hawajapata kuona destroya. Ni manowari nyembamba, ndefu, ya mbio. Kazi yake ya asili ilikuwa kuzikimbiza boti za torpedo, lile bomu liendalo chini ya maji, zisiyafikie manowari makubwa, kisha ikaongezewa kuwinda nyambizi, kusindikiza misafara, kupeleka barua, kuokoa watu, kila kazi ambayo meli kubwa haina haraka ya kuifanya. Hunter ilikuwa na urefu wa mita 98 hivi na upana wa mita 10. Injini zake za mvuke zilikuwa na nguvu ya farasi 34,000, na zikifunguliwa zote meli ilikwenda fundo 36, yaani zaidi ya kilomita 66 kwa saa. Ilibeba mizinga minne ya milimita 120 na mirija minane ya torpedo. Watu wake walizidi kidogo 130.

Mbona ndogo hivyo? Kwa sababu wakubwa walikuwa wamekubaliana. Mwaka 1930 Uingereza, Marekani na Japani zilitia saini mkataba wa London. Kila nchi ikapewa kiwango: destroya za Uingereza zote kwa pamoja zisizidi tani 150,000, na nyingi zisizidi tani 1,500 kila moja. Waundaji wakabana hapa, wakapunguza pale. Hunter ikatoka na tani 1,340 hivi. Ubavu wake ulikuwa bati la chuma lisilo na deraya hata kidogo. Wazee mliofanya kazi melini mnajua maana ya kulala usiku huku mnatenganishwa na bahari na bati jembamba kiasi hicho.

Na jambo moja nawaomba mlishike, tutalirudia. Katika destroya za Waingereza za wakati ule maofisa walikuwa na vyumba vyao upande wa tezi, yaani nyuma ya meli. Mabaharia wa kawaida waliishi omo, yaani mbele ya meli, chini ya sitaha, wamebanana. Hapo walikula, hapo walifunga machela zao wakalala, hapo waliandika barua za nyumbani. Omo ndiko kulikokuwa nyumbani kwa mtu mdogo.

Sasa twende mahali meli hii ilipoundwa, maana hapa pana kisa ambacho binafsi hunigusa kuliko habari zote za mizinga.

Hunter iliundwa Wallsend, kwenye mto Tyne, kaskazini-mashariki ya Uingereza, katika kiwanda cha Swan Hunter. Mkuku wake, yaani uti wa mgongo wa meli, ulilazwa tarehe 27 Machi 1935. Ikashuliwa, yaani ikateremshwa majini, tarehe 25 Februari 1936, ikakabidhiwa kwa Jeshi la Wanamaji tarehe 30 Septemba 1936. Vuka mto huo, teremka nao kidogo tu, unafika Jarrow. Jarrow ulikuwa mji wa kiwanda kimoja, Palmers, nacho kilikuwa kiwanda cha meli. Dunia ilipoingia katika ukata mkubwa wa uchumi, oda zikakatika. Meli ya mwisho kushuliwa Palmers ilikuwa destroya, HMS Duchess, Julai 1932. Baada ya Duchess hapakuja oda nyingine. Kiwanda kikanunuliwa kwa shabaha ya kufungwa, kikafungwa, mitambo ikavunjwavunjwa. Wanaume wengi mno wa mji ule wakawa hawana kazi, mafundi wa kupiga ribiti na kukunja chuma wamekaa vibarazani mchana kutwa.

Tarehe 5 Oktoba 1936, siku tano tu baada ya Hunter kukabidhiwa, wanaume wapatao 200 waliondoka Jarrow kwa miguu kwenda London. Walikuwa na ombi lililotiwa saini na watu zaidi ya 11,000, limewekwa katika sanduku la mwaloni. Mbunge wao, Ellen Wilkinson, mwanamama mfupi wa kimo, alitembea nao sehemu kubwa ya njia. Walitembea karibu mwezi mzima. Bunge likapokea ombi. Na kazi? Kazi hawakupewa.

Basi tafakarini, wanafunzi. Mto mmoja. Ng'ambo hii, serikali inapata pauni robo milioni za kuunda destroya moja, na hapo bado mizinga haijahesabiwa. Ng'ambo ile, mafundi walioweza kuunda destroya kama hiyo wanatembea kwa miguu kuomba kazi. Sisemi meli isingeundwa. Nasema aliyeipigia Hunter ribiti alikuwa jirani wa mwenye njaa, na alijua kwamba yeye mwenyewe analindwa na oda moja au mbili. Na huo ulikuwa wakati wa amani.

Wakati Hunter ikiwa bado juu ya miti yake pale Wallsend, jambo jingine lilikuwa likitokea, nalo lilikuwa karibu na sisi. Oktoba 1935 Mussolini, mtawala wa Italia, aliivamia Ethiopia. Askari wake na silaha zake vilipita Mfereji wa Suez, meli baada ya meli, mbele ya macho ya Waingereza. Uingereza ilikusanya manowari zake Alexandria. Duchess, ile ya mwisho ya Palmers, iliyokuwa imepelekwa kituo cha China, ililetwa Bahari ya Shamu. Manowari zilikuwapo, mabaharia walikuwapo, mizinga ilikuwapo. Mfereji haukufungwa. Mafuta hayakuwekewa vikwazo. Siku ile Hunter inashuliwa, Februari 1936, Waethiopia walikuwa wakinyunyiziwa gesi ya sumu kutoka angani. Na mwanzoni mwa Mei mfalme wao, Haile Selassie, akapanda manowari ya Uingereza, HMS Enterprise, bandarini Djibouti. Ile nguvu ya bahari ambayo haikuizuia Italia ndiyo iliyombeba mfalme kwenda uhamishoni.

Nimeyataja haya kwa sababu Hunter ilizaliwa ndani ya tabia hiyo: kuwa na meli baharini, kupandisha bendera, kuangalia, na kutumaini kwamba kuangalia kunatosha.

Sasa Hispania.

Julai 1936 majenerali waliasi dhidi ya serikali ya jamhuri, na Franco akaibuka kiongozi wao. Ujerumani na Italia zikamsaidia yeye. Muungano wa Kisovieti ukaisaidia serikali. Uingereza na Ufaransa zikasema: tusiingilie. Nchi zaidi ya ishirini zikakubali kutoingilia, kamati ikaundwa London, na walioketi katika kamati hiyo ni pamoja na Ujerumani na Italia, ambazo ndizo zilizokuwa zikimpelekea Franco ndege na watu. Aprili 1937 ukaanzishwa ulinzi wa pwani: manowari za Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Italia zigawane pwani ya Hispania, zihakikishe silaha haziingii. Naam, mmesikia sawa. Wapelekaji silaha walipewa zamu ya kulinda silaha zisipite.

Hunter ilikuwa katika kikosi cha pili cha destroya, Bahari ya Kati. Kazi yake ilikuwa doria hiyo.

Tarehe 13 Mei 1937, mchana, ilikuwa kusini ya bandari ya Almería. Bandari hiyo ilikuwa mikononi mwa serikali. Mwezi mmoja hivi kabla yake, boti mbili ziendazo kasi za upande wa Franco, Falange na Requeté, zilizotoka Ujerumani, zilikuwa zimetega mabomu maeneo yale. Wengine hapa hawajui bomu la aina hii. Ni tufe la chuma lenye pembe, limefungwa kwa waya kwenye uzito ulioko chini ya bahari, nalo linaelea chini kidogo ya uso wa maji usilione. Halichagui bendera. Halijui nani ameingilia na nani hakuingilia. Linangoja kuguswa.

Hunter ikaligusa kwa omo.

Wazee, sasa mnaelewa kwa nini niliwaomba mshike habari ya omo. Mlipuko ulipasua mahali mabaharia walipokuwa wakiishi. Redio ikafa. Maji yakaingia, meli ikalala upande, ikainamisha kichwa. Luteni Patrick Noel Humphreys akakimbilia mbele pamoja na ofisa mdogo mmoja na mabaharia wanne. Wakang'oa vyuma vilivyojikunja, wakaruka chini ndani ya chumba. Mle ndani giza karibu totoro. Mafuta mazito ya boila yamemwagika, yamefika kina cha futi tatu au zaidi. Sitaha wanayoikanyaga imechanika na bahari iko wazi chini yake. Jiwekeni hapo, vijana. Umesimama ndani ya mafuta mpaka mapajani, huoni mkono wako, meli kila dakika inaonekana kama inakwenda zake chini, na gizani mle watu wanalia. Unapapasa. Ukishika mkono umejaa mafuta, unateleza. Unapapasa tena.

Waliwatoa. Waliendelea kuwatoa majeruhi huku hakuna aliyejua kama meli itabaki juu. Humphreys alitunukiwa nishani ya ushujaa ya Dola ya Uingereza, na mwaka 1940 nishani hiyo ikabadilishwa kuwa Msalaba wa George. Angalieni jambo hili: hakuzawadiwa kwa kumpiga adui. Hapakuwa na adui, kwa karatasi.

Watu wanane wa Hunter walikufa. Wanane. Narvik ilichukua zaidi ya mia moja, na mia ni wengi, wanakumbukwa kwa haki yao. Lakini hawa wanane walikufa wapi katika historia? Si wafu wa Vita vya Kwanza. Si wafu wa Vita vya Pili. Si wafu wa vita vya Hispania, kwa kuwa nchi yao ilikuwa imetangaza kwamba haimo. Mwanafunzi, ukiandika mtihani wako kwamba 1918 hadi 1939 Uingereza ilikuwa na amani Ulaya, umewaandika wapi watu hawa?

Nani aliwahi kwanza kuivuta Hunter? Manowari ya serikali ya Hispania, Lazaga. Mabaharia wa jamhuri, ambao Uingereza ilikuwa imekataa kuwauzia silaha, waliingia katika eneo lenye mabomu, wakaifungasa Hunter, wakaitoa. Kisha Arethusa, manowari ya Waingereza wenyewe, ikaivuta hadi Almería, na Hyperion, ndugu yake wa kikosi kimoja, ikaifikisha Gibraltar tarehe 15 Mei. Wale Wahispania wa Lazaga hawakuwa na deni lolote kwa Waingereza. Wangeweza kukaa mbali na kusema nao hawaingilii.

Na Almería yenyewe? Huo ulikuwa mji uliochoka. Februari mwaka uleule ulikuwa umepokea maelfu kwa maelfu ya wakimbizi kutoka Málaga, waliotembea njia ya pwani huku wakipigwa kwa mizinga ya manowari na ndege. Mei ukaipokea Hunter. Tarehe 29 Mei ndege za serikali ya Hispania ziliipiga manowari ya Kijerumani, Deutschland, karibu na Ibiza, mabaharia 31 wakafa. Hitler akataka kisasi. Tarehe 31 Mei, alfajiri, manowari Admiral Scheer pamoja na boti nne za torpedo za Ujerumani zikajipanga mbele ya Almería zikaupiga mji. Watu wapatao 20 wakafa, na nyumba zikaporomoka. Ilikuwa imepita siku 18 tu tangu Hunter ilipovutwa hadi pale.

Na hapa pana jambo ambalo kila nikilisoma nasimama kidogo. Deutschland iliyojeruhiwa ilikwenda kushusha majeruhi wake wapi? Gibraltar. Hunter ilikuwa wapi siku hizo? Gibraltar, inazibwa tundu lake. Meli mbili katika bandari moja, moja imepasuliwa na bomu la upande mmoja, nyingine na mabomu ya upande wa pili, na serikali zote mbili zimesaini karatasi ya kutoingilia. Miaka miwili na ushei baadaye mabaharia wa nchi hizo mbili watakuwa wanauana rasmi. Mwaka 1937 walikuwa wakiuguzwa katika mji mmoja.

Na huo ulikuwa wakati wa amani.

Mabibi na mabwana, msidhani kwamba hali haikuwa na dawa. Kiangazi kile cha 1937 nyambizi zisizojulikana zilianza kuzamisha meli za mizigo Bahari ya Kati. Nasema zisizojulikana, lakini kila mtu alijua ni za Mussolini. Usiku wa kuamkia Septemba mosi, nyambizi Iride ya Italia iliirushia torpedo Havock, destroya nyingine ya kundi lilelile la Hunter. Torpedo ikakosa. Havock ikageuka, ikaisaka kwa mtambo wa kusikiliza chini ya maji na kuitupia mabomu ya kina, nyambizi ikaponyoka kwa tundu la sindano.

Safari hii London na Paris hawakungoja. Tarehe 10 Septemba mkutano ukafunguliwa Nyon, Uswisi. Baada ya siku nne wakatia saini: nyambizi yoyote itakayoshambulia meli ya mizigo, ipigwe. Wakapeleka destroya kwa wingi, safari hii zikiwa na amri. Mashambulizi yakapungua ghafla. Meli zilikuwa zilezile, mabaharia walewale, bahari ileile. Kilichobadilika ni amri. Ndiyo, baadaye Italia nayo ikapewa sehemu ya kulinda, jambo la kusikitisha, lakini zile wiki za mwanzo zilionyesha kilichowezekana. Najiuliza, na nawauliza: amri hiyo ingetolewa Suez mwaka 1935, Addis Ababa ingeanguka? Mimi naamini Mussolini angerudi nyuma. Wako wanahistoria wasiokubaliana nami, na tutajadiliana wakati wa maswali.

Hunter haikuwamo katika kazi ya Nyon. Ilifungaswa kutoka Gibraltar hadi Malta, ikaingia matengenezo tarehe 2 Septemba 1937. Omo yote ilihitaji kushughulikiwa. Mafundi wa Malta, watu wa kisiwa kidogo waliojua kazi yao barabara, waliifanyia kazi mpaka tarehe 10 Novemba 1938. Hesabuni wenyewe: tangu ilipokabidhiwa mpaka Uingereza ilipotangaza vita ni miezi 35. Kati ya hiyo, karibu miezi 18 Hunter ilikuwa majeruhi. Nusu ya umri wake wa amani ilikaa gudini na bandarini ikitibiwa jeraha la vita ambavyo nchi yake ilisema havimhusu. Chamberlain, waziri mkuu wa Uingereza, alipokuwa Munich akimkabidhi Hitler sehemu ya Czechoslovakia, Septemba 1938, Hunter bado ilikuwa Malta. Na miezi mitatu na nusu baada ya kurudi baharini, tarehe 27 Februari 1939, Uingereza ikamtambua Franco kuwa mtawala wa Hispania.

Fikirieni baharia aliyekuwamo siku ile ya Mei, akasoma habari hiyo gazetini.

Vita vilipotangazwa, Hunter ilikuwa njiani katika Atlantiki, inaelekea Freetown kuwatafuta Wajerumani waliokuwa wakiwinda meli za biashara. Kilichofuata si mada yangu ya leo, ila nikiacha kabisa wazee watanidai. Aprili 10, 1940, iliingia ghuba ya Narvik na wenzake wanne wa kikosi kilekile cha pili. Ikawaka moto, na ndugu yake Hotspur, usukani ukiwa umeharibika kwa kupigwa, ikaigonga. Ikazama. Mabaki yake yalionekana mwaka 2008 na manowari ya Norway, kwenye kina cha mita 300 hivi.

Hotspur ilipona. Mwaka 1942 ilikuwa katika kikosi cha Mashariki cha Waingereza, kile kilichokimbia mashambulizi ya Wajapani Ceylon na kuhamishia makao yake hapa hapa kwetu, Kilindini. Kama yuko mzee ambaye baba yake alikuwa kuli au mpagazi bandarini miaka ile, na alimsimulia chochote juu ya manowari zile, tafadhali asiondoke kabla hatujazungumza. Nina daftari na kalamu hapa.

Ahsanteni sana. Sasa maswali, tuanze na wanafunzi.